Dondoo muhimu: Kijajuu na kijachini kabla ya kupeleka faili Kariakoo

Kabla hujampelekea faili mchapaji wa Kariakoo, hakikisha kijajuu na kijachini vimewekwa mahali pake kwenye programu, visiandikwe ukurasa kwa ukurasa. Wapo wanaosema kijitabu cha kurasa 40 hakistahili usumbufu huo. Lakini mteja akifuta aya moja tu ya sura ya kwanza, maandishi yote yanayofuata yanasogea, na jina la sura uliloligongelea juu ya ukurasa linabaki palepale likidanganya. Word inaweza kulichota jina hilo yenyewe kutoka kwenye kichwa cha sura. LaTeX hufanya hivyo kwa kifurushi cha fancyhdr. Tenganisha kurasa shufwa na witiri, namba ikae upande wa nje, kidole gumba kinapofunulia.

Balaa kubwa zaidi liko kwenye kisu. Kijitabu cha A5 huchapwa kurasa mbilimbili kwenye A4, hukunjwa, hupigwa pini, kisha ukingo husawazishwa kwa kukatwa. Karatasi za katikati hujitokeza nje kuliko za mwanzo, kwa hiyo ndizo zinazokatwa zaidi, na namba iliyosogezwa mno ukingoni huondoka na vipande. Acha milimita 10 au zaidi. Anayelalamika kwamba pambizo hizo zinaongeza kurasa, na kurasa ni pesa, ana hoja. Basi apunguze herufi kidogo, pambizo aziache. Chapisha nakala moja, ikunje, ikate, ndipo uagize zilizobaki.