Mtutu Kwanza, Baruti Baadaye: Kujijazia Risasi za Bunduki ya Kalibra Ndogo

Kijitabu hiki ni kwa wasomaji wa Kiswahili waishio Marekani walioingia kwenye mchezo wa kulenga shabaha, au wanaoitwa na wenye mashamba kupunguza kindi wa ardhini wanaochimbua malisho. Watu wengi huko hujijazia risasi nyumbani, na anayeanza karibu kila mara huuliza: niweke baruti kiasi gani? Hilo ni swali la mwisho. Anza kwa kuujua mtutu wako.

Ndani ya mtutu mna mifereji iliyopinda, nayo hukizungusha kichwa cha risasi ili kisipinduke hewani. Bunduki za .222 Remington, risasi iliyotoka mwaka 1950 na kutamba miaka mingi kwenye mashindano ya shabaha, kwa kawaida huwa na mifereji inayokamilisha mzunguko mmoja kila inchi 14. Za .223 Remington zilizoanza kuuzwa miaka ya 1960 nyingi zilikuwa za inchi 12. Leo utazikuta za 9, 8, hata 7. Zote hutumia kichwa chenye kipenyo kimoja, inchi 0.224, yaani milimita 5.7 hivi, na hapo ndipo watu hukosea wakidhani kichwa chochote kitafaa.

Kinachoamua zaidi ni urefu wa kichwa kuliko uzito wake. Mwanahisabati Mwingereza George Greenhill alilionyesha hilo kwa kanuni tangu karne ya 19: kichwa kikiwa kirefu, kinataka mzunguko wa haraka zaidi. Kichwa cha greini 50 (greini moja ni gramu 0.065 hivi) hutulia vizuri kwenye mtutu wa inchi 12 au 14. Kichwa kirefu cha mashindano cha greini 77 kwenye mtutu huohuo kitayumba na kugonga karatasi kwa ubavu. Ukiona tundu la mviringo limekuwa refu, acha kuongeza au kupunguza baruti, badilisha kichwa.

Usitegemee kumbukumbu ya aliyekuuzia. Hakikisha bunduki haina risasi, ingiza ufito wa kusafishia wenye kitambaa kinachobana na mpini unaozunguka, utie alama, kisha usukume taratibu mpaka alama izunguke mara moja kamili. Umbali ulioingia ndio jibu.

Mzunguko wa haraka nao una gharama. Kichwa kinachotoka kwa mita 1,000 kwa sekunde kwenye mtutu wa inchi 7 huzunguka zaidi ya mara 330,000 kwa dakika. Vichwa vyepesi vya kuulia wanyama waharibifu vina ganda jembamba la shaba kwa makusudi, vipasuke mara vinapogusa nyama au udongo na visidunde kuelekea kwa jirani. Kwa kasi hiyo baadhi yake husambaratika kabla ya kufika. Vile vya mashindano, kwa upande wao, vimetengenezwa kwa usahihi tu. Havipasuki kwa uhakika, kwa hiyo tusivitumie kwa mnyama.

Vipande vya madini ya risasi vinavyobaki kwenye mizoga huwaua tai na kondori wanaoila. Jimbo la California limepiga marufuku madini hayo katika uwindaji wote wa bunduki tangu Julai 1, 2019, na tunawasihi hata walio katika majimbo mengine wafuate. Ila kumbukeni: shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu zaidi. Mwenye mtutu wa inchi 14 achague cha shaba kilicho chepesi.

Sasa baruti. Chukua kiwango kutoka jedwali la sasa la mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, kwa kichwa hichohicho. Usichukue cha rafiki, hata kama bunduki zenu zinafanana. Anza na kiwango cha chini kilichoandikwa, upande kidogo kidogo. Kikomo cha shinikizo la .223 Remington nchini Marekani ni paundi 55,000 kwa inchi ya mraba, umbali mfupi kutoka usoni pako. Fataki iliyobapa au bolti inayogoma kufunguka ni dalili za kusimama papo hapo, lakini mara nyingi zinapoonekana kikomo kimeshapitwa. Kutoziona si ruhusa ya kuendelea.

Kundi la matundu matatu yaliyokaribiana hudanganya. Piga kumi kabla ya kuamua. Kiwango chenye usahihi mzuri mara nyingi kiko chini ya kile cha juu kabisa, na kindi hatatambua tofauti ya kasi.

Mezani weka kopo moja tu la baruti. Angaza taa ndani ya kila ganda kabla ya kuweka kichwa, ili ganda lililojazwa mara mbili au lililosahaulika lionekane. Kila boksi liandikwe aina ya kichwa, baruti, kiasi chake, fataki na tarehe. Baruti isiyojulikana jina lake isitumike kamwe.