Boti Kuukuu ya Faiba: Ukarabati wa Tumbo na Sakafu

Mwanafunzi wa Kinyangiri, mkoani Singida, yu mbali na Bahari ya Hindi, lakini hayuko mbali na vyombo vya majini: Ziwa Kitangiri, linaloingiwa na mto Wembere na kutoa maji yake kwa mto Sibiti, limo mkoani mwake. Fundi wa vyombo vya mbao hujua kazi ya kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba na mafuta. Boti ya faiba haina nafasi hizo, na kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba haiozi. Dhana hiyo ni nusu ya kweli. Nusu iliyobaki yaweza kuzamisha watu.

Faiba, iliyoanza kuundiwa boti huko Marekani katika miaka ya 1940, ni muungano wa nyuzi za kioo na resini ya poliesta. Resini iliyomo koponi ni minyororo mirefu ya molekyuli iliyoyeyushwa katika kiowevu kiitwacho sitirini. Tutiapo peroksidi kidogo, ambayo mafundi huiita hadina, molekyuli za sitirini huifunga minyororo hiyo pamoja, ukapatikana wavu mmoja usioweza kuyeyuka tena. Resini basi haikauki kama rangi. Hugeuka kwa mmenyuko unaotoa joto. Jambo hili lina matokeo makubwa kwa mkarabati: wavu wa zamani umekwisha kufungwa, na resini mpya haiwezi kuungana nao vizuri kikemia. Hushika tu kwenye mikwaruzo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii ni msasa.

Uozo huanzia sakafuni. Katika boti nyingi za zamani sakafu ni plaiwudi iliyovikwa faiba nyembamba. Maji huingia kupitia tundu la skrubu, na faiba ile ile iliyowekwa ili kuyazuia huyafungia ndani, kuvu wakala mbao. Anayesema sakafu yake ni nzima na aigonge kwa mpini wa bisibisi: penye uzima hulia kwa ukali, penye uozo hutoa sauti butu.

Chini ya sakafu mara nyingi huwamo povu la kuelea, kwa kuwa faiba yenyewe ni nzito kuliko maji. Kwa kanuni ya Archimedes, lita 100 za povu kavu lenye uzito wa kilo 3 huweza kuinua kilo 97. Povu hilo likinyonya lita 60 za maji, huinua kilo 37 tu. Hasara hiyo haionekani mpaka siku boti inapojaa maji.

Kabla ya kukata sakafu, tumbo la boti litegemezwe pande zote, maana sakafu hulisaidia kushika umbo lake. Kisha mbao mbovu na povu bovu vyote vitolewe, boti iachwe ikauke kivulini kwa majuma kadhaa. Kiangazi cha Singida, Juni hadi Oktoba, chafaa sana. Kupaka rangi juu ya unyevu ni kujidanganya.

Ufa wa tumbo hauzibwi kama tundu la ukuta. Kingo zake husagwa kwa mteremko wenye upana mara 12 ya unene: faiba ya milimita 5 yahitaji milimita 60 kila upande. Malengelenge ya nje nayo hutokana na osmosisi, ile ile ya kipande cha kiazi katika somo la biolojia. Ndiyo sababu maji baridi ya ziwa huyaleta upesi kuliko maji ya chumvi. Yapasuliwe, yaoshwe, yakaushwe, kisha yajazwe.

Mkeka wa nyuzi wenye gramu 450 kwa mita ya mraba hunywa resini kiasi cha mara 2.5 ya uzito wake, yaani gramu 1,125. Kwa hadina ya asilimia 1.5, zitahitajika gramu 17 hivi. Jua kali huharakisha mmenyuko, basi kazi ifanywe asubuhi, na mchanganyiko umwagwe katika chombo kipana: ukirundikana koponi joto lake huweza kuutoa moshi.

Mwalimu asiwape wanafunzi hadina. Tone moja laweza kupofusha jicho, na ikichanganywa moja kwa moja na kiharakishi cha kobalti hulipuka. Mvuke wa sitirini huwaka. Vumbi la kioo lataka barakoa, miwani na mahali pa wazi.

Sakafu mpya iwe ya plaiwudi yenye gundi isiyoathiriwa na maji. Pande zote mbili na kingo zake zipakwe resini kabla haijafungwa. Kila tundu la skrubu litobolewe pana kuliko lihitajiwavyo, lijazwe resini, na likisha kugumu litobolewe tena kwa kipimo cha skrubu, ili chuma kipite katika resini bila kugusa mbao.