Gokati Kuukuu: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

MAFUNZO YA UFUNDI: Somo kwa wanagenzi wa umekanika na wenye karakana ndogo za jua kali

Gokati kuukuu imeletwa karakana. Ikivutwa kamba injini inanguruma, lakini kigari hakisogei. Cheni imelegea na meno ya sproketi yamepinda kama ndoana. Mwanagenzi anatumwa kwenye duka la vipuri vya bodaboda, anarudi na cheni mpya ambayo kwa macho ni sawa kabisa na ile ya zamani. Anaifunga. Kabla ya jioni cheni inaruka meno na kutoka. Anarudi dukani na kukumbana na maandishi ambayo kila mnunuzi anayajua: bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Hasara hiyo huwapata hata mafundi wenye uzoefu, na mara nyingi kosa halikuanzia kwenye spana. Lilianza pale kipuri kiliponunuliwa kwa kukisia. Somo hili linaeleza vipimo vinavyostahili kuchukuliwa kabla ya kutoa pesa.

Kwa nini gokati?

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti. Wanagenzi wengi huviendea wakilenga mitihani ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza. Gokati ni mwalimu mzuri wa safari hiyo kwa sababu haina bodi ya kuficha kitu. Injini, klachi, cheni, sproketi na ekseli vyote vinaonekana. Anayevielewa hapa hatapata taabu akikutana navyo kwenye pikipiki.

Tangu mwanzo, chombo hiki kiliundwa kwa kuunganisha vitu vilivyotengenezewa kazi nyingine. Gokati ya kwanza iliundwa na Art Ingels huko California, Marekani, mwaka 1956, kwa kutumia injini ya mashine ya kukata nyasi. Hadi leo gokati nyingi ni mchanganyiko wa aina hiyo: injini ya kiwanda kimoja, klachi ya kingine, na ekseli iliyochongwa karakana. Ndiyo maana jina la gokati halitoshi kununulia kipuri. Kinachotakiwa ni kipimo.

Hatua ya kwanza: fremu, usukani na breki

Fundi asianze na injini, hata kama mteja analalamikia injini. Gokati nyingi huendeshwa na vijana na watoto, na kigari kisichosimama ni hatari kuliko kisichoondoka. Fremu isuguliwe kutu na kila mahali palipochomelewa paangaliwe kama pana ufa. Usukani utikiswe: ukicheza kabla ya magurudumu kugeuka, viungo vyake vimelika. Breki ya gokati nyingi hushika ekseli ya nyuma pekee, hivyo hakuna breki ya pili ya kuokoa mambo hiyo ikikataa. Kasoro hizi zirekebishwe kwanza. Zikishinda bajeti, ni afadhali mteja aambiwe mapema kuliko auziwe cheni.

Hatua ya pili: injini na shafti

Injini zinazopatikana kwa urahisi nchini ni zile za petroli za kuvutwa kwa kamba, zinazoendesha pampu za maji na jenereta. Hapa pana mtego. Injini iliyotoka kwenye pampu inaweza kuwa na shafti yenye nyuzi kama za bolti, na ya jenereta inaweza kuwa na shafti iliyochongoka kuelekea mwisho. Klachi ya kawaida ya gokati inataka shafti iliyonyooka, yenye mfereji wa kii, kile kichuma kinachofunga klachi na shafti zizunguke pamoja.

Hata shafti zilizonyooka hazilingani. Zipo za inchi tatu kwa nne, yaani milimita 19.05, na zipo za milimita 20. Klachi ya milimita 20 itaingia kwenye shafti ya 19.05 bila shida, na mwanagenzi atafurahi. Lakini itayumba, itakata kii, na mwishowe itaharibu shafti yenyewe. Rula haiwezi kuonyesha tofauti hiyo ndogo. Kalipa ya venia itumike.

Onyo moja: injini nyingi za aina hii zina kidhibiti mwendo kinachozuia zisipite mizunguko 3,600 hivi kwa dakika. Wapo wanaokitoa ili gokati ikimbie zaidi. Bila kidhibiti, gurudumu zito la injini linaweza kupasuka na vipande vyake kuruka kama risasi. Kiachwe mahali pake.

Hatua ya tatu: cheni

Cheni ina vipimo vitatu: umbali kutoka katikati ya pini moja hadi ya pili, upana wa ndani ambamo jino huingia, na unene wa rola. Namba ya cheni kwa kawaida hugongwa kwenye bamba za pingili. Zinazokutana na fundi wa gokati ni hizi:

• Namba 35: pini hadi pini milimita 9.525. Ni cheni nyembamba ya gokati nyepesi.
• Namba 41 na 420: pini hadi pini 12.7, upana wa ndani 6.35, rola 7.77.
• Namba 40: pini hadi pini 12.7, upana wa ndani karibu 7.9, rola 7.92.
• Namba 428: pini hadi pini 12.7, upana wa ndani 7.94, rola 8.51.

Sasa kosa la yule mwanagenzi linaonekana. Cheni ya bodaboda nyingi ni 428. Umbali wa pini zake ni sawa kabisa na wa 40, 41 na 420, kwa hiyo ikiwekwa juu ya sproketi inaonekana kukubali. Lakini rola yake ni nene zaidi, hivyo haikai hadi chini kati ya meno. Inapanda juu, na injini ikivuta kwa nguvu inaruka. Kinyume chake pia ni kibaya: cheni ya 420 ni nyembamba mno kwa jino la sproketi ya 428.

Kanuni ni fupi: klachi, cheni na sproketi ya nyuma viwe vya namba moja. Namba 41 na 420 pekee ndizo zinazoweza kubadilishana kwa vipimo. Anayetaka kutumia 428 kwa sababu inapatikana kila kituo cha biashara anaweza, ila abadilishe na meno ya pande zote mbili.

Cheni ya zamani nayo ipimwe. Katika cheni za milimita 12.7, kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni milimita 304.8 ikiwa mpya. Ikivuka 311 imelika na haifai. Wala cheni mpya isifungwe kwenye meno yaliyopinda, kwa kuwa yataila haraka.

Hatua ya nne: hesabu ya meno

Meno ya sproketi ya nyuma yakigawanywa kwa meno ya klachi, jibu ni uwiano. Sproketi ya meno 60 na klachi ya meno 12 hutoa uwiano wa 5: injini ikizunguka mara tano, ekseli inazunguka mara moja.

Chukulia tairi ya kipenyo cha sentimita 33. Mzunguko wake mmoja ni mita 1.037. Injini ikiwa kwenye 3,600, ekseli inazunguka mara 720 kwa dakika, na gokati inakwenda kilomita 45 hivi kwa saa. Sproketi ya nyuma ikibadilishwa iwe ya meno 40, hesabu inapanda hadi kilomita 67. Kwa kijana, hesabu hiyo inavutia. Lakini uwiano mdogo huifanya klachi isugue muda mrefu kabla ya kushika, hasa kwenye mlima au kwa dereva mzito, nayo huungua. Na mwendo huo kwenye kigari kisicho na springi, chenye breki moja, si mchezo wa mtoto.

Hatua ya tano: ekseli na beringi

Ekseli ya inchi moja ni milimita 25.4, na ipo nyingine ya milimita 25. Beringi za nyumba zenye maandishi UC205 ni za milimita 25. UC205-16 ni za inchi moja. Anayeomba "beringi ya inchi moja" bila kusoma maandishi anaweza kupewa ile isiyoingia. Isilazimishwe kwa nyundo.

Kufunga na kujaribu

Ubapa wa chuma ulionyooka uwekwe kando ya meno ya klachi na ya sproketi ili kuhakikisha yamo kwenye mstari mmoja. Cheni iwe na ulegevu wa nusu inchi hivi katikati. Klipu ya kiungo ielekeze upande uliofungwa kule cheni inakokwenda. Kifuniko cha cheni kirudishwe, kwani nguo, nywele na vidole havina nafasi karibu na meno yanayozunguka. Jaribio lifanyike kwenye uwanja ulio wazi, dereva akiwa na kofia ngumu. Gokati si chombo cha barabarani na haifai kuchanganywa na matatu na bodaboda.

Kabla ya kwenda dukani, mwanagenzi aandike kwenye karatasi moja: kipenyo cha shafti, namba ya cheni, idadi ya meno mbele na nyuma, kipenyo cha ekseli, na umbali kati ya matundu ya bolti za sproketi. Karatasi hiyo haigharimu chochote, na ndiyo itakayomlinda siku mwenye duka atakapomwambia, "Hii ndiyo hiyo hiyo."

Maswali ya kujipima

1. Klachi ina meno 10, sproketi ya nyuma 60, tairi ni ile ya sentimita 33. Mwendo wa juu ni upi?
2. Cheni ya 420 imepimwa milimita 312 kutoka pini ya kwanza hadi ya 25. Ifanyweje?
3. Ekseli ni milimita 25.4. Beringi ya UC205 itaingia?

Majibu: 1. Uwiano ni 6. Kilomita 37 hivi kwa saa. 2. Ibadilishwe, na meno ya sproketi yakaguliwe. 3. Haitaingia, inatakiwa UC205-16.