Saa Inayohesabu Hatua: Je, Inasema Kweli?



Jumapili mbili zilizopita, baada ya Misa, vijana wa VIWAWA wa kigango chetu hapa Misugusugu walinizunguka chini ya mwembe. Mmoja wao ni kinyozi hapo barabarani. Siku hizi ameanza kukimbia alfajiri kuelekea Visiga, kabla malori hayajawa mengi Barabara ya Morogoro. Akaniuliza: "Frateri, nataka saa janja ya mazoezi. Kariakoo kuna ya elfu thelathini, na kuna ya laki mbili na nusu. Zote wanasema zinapima hatua, moyo, kalori, usingizi, mpaka presha. Sasa ipi inasema kweli?"

Nilimjibu kwamba nitaandika. Kwanza swali lake ni zuri kuliko alivyodhani. Pili, nina deni langu mwenyewe katika jambo hili, na nitalieleza mbele kidogo.

Tuanze na hatua, maana ndizo rahisi. Ndani ya saa hizi kuna kifaa kidogo sana kinachohisi mtikisiko wa mkono kwenda mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia. Programu inauangalia mtikisiko huo na kuamua: hii ni hatua, hii siyo. Ukitembea kawaida huku mikono ikining'inia, hesabu inakuwa karibu na kweli, hata kwa saa isiyo ya bei kubwa. Lakini saa haioni miguu yako. Inaona mkono tu. Mimi mwenyewe nilipiga kayamba Misa ya Pasaka nikiwa nimesimama mahali pamoja, nikatoka kanisani na hatua elfu kadhaa. Siku hiyohiyo mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika ndoo wala haupepei, anaandikiwa pungufu. Kwa hiyo mpiga kayamba anaonekana mwanariadha, na aliyebeba maji anaonekana mvivu. Hapo saa haijaharibika, ila imeulizwa swali ambalo haliwezi.

Na zile hatua 10,000 ambazo kila saa inakudai? Hazikutoka kwa daktari. Mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuvaa kiunoni kilichoitwa Manpo-kei, maana yake "kipima hatua elfu kumi". Namba ilikuwa nzuri masikioni, ikabaki. Mwaka 2019 mtafiti I-Min Lee na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wastani wa umri miaka 72. Waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda mpaka karibu 7,500, kisha ikatulia. Hao ni bibi zetu, si wewe wa miaka 22, lakini angalau ujue kwamba elfu kumi si amri ya kumi na moja.

Moyo sasa. Geuza saa uone ule mwanga wa kijani chini yake. Damu hunyonya mwanga huo. Kila moyo unapodunda, damu inaongezeka kidogo kwenye mishipa ya mkono, mwanga unaorudi unapungua, na saa inahesabu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vifaa saba vya mkononi kwa watu 60. Sita kati ya saba vilikosea mapigo ya moyo kwa chini ya asilimia 5. Si haba. Ila utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa 2020 ulionyesha kwamba ukiwa kwenye mwendo, kosa linaongezeka kwa asilimia 30 hivi kuliko ukiwa umetulia. Ndiyo maana wakimbiaji wengi makini hujifunga mkanda wa kifuani, ambao unasoma umeme wa moyo wenyewe.

Wapo wanaouliza kama ngozi yetu nyeusi inaisumbua saa. Kwa mapigo ya moyo, watu wa Duke hawakukuta tofauti kubwa kati ya rangi za ngozi. Kwa kipimo cha oksijeni ni habari nyingine. Mwaka huohuo wa 2020, madaktari wa Marekani waliandika kwamba hata vile vifaa vya hospitali vinavyobanwa kidoleni vilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Kama kifaa cha hospitali kinateleza hivyo, namba ya oksijeni kwenye saa ya elfu thelathini usiilalie usingizi.

Kalori, ndugu zangu, achaneni nazo. Katika utafiti uleule wa Stanford, kifaa kilichofanya vizuri kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho kwa asilimia 93. Na kuna jambo la hapahapa Tanzania linalonifurahisha. Mwanasayansi Herman Pontzer na wenzake walikwenda kwa Wahadzabe, kule Ziwa Eyasi, wakawapima kwa njia ya kitaalamu ya kunywesha maji yaliyowekewa alama. Matokeo yalitoka 2012. Wahadzabe wanatembea sana, wanawinda na kuchimba mizizi. Lakini ukizingatia ukubwa wa miili yao, nguvu wanayotumia kwa siku nzima ilikuwa karibu sawa na ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwili una namna ya kubana matumizi. Kwa hiyo ile hesabu ya "nimekimbia nusu saa, nimelipia chapati mbili", mwili haukusaini mkataba huo.

Hata lengo la kupungua uzito lina mshangao wake. Huko Pittsburgh, vijana 471 wa miaka 18 hadi 35 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito walifuatiliwa miaka miwili. Waliopewa vifaa vya kuvaa walipungua wastani wa kilo 3.5. Waliobaki na utaratibu wa kawaida walipungua kilo 5.9. Yaani bila kifaa walifanya vizuri zaidi!

Sasa deni langu.

Mama yangu ana presha kwa miaka kadhaa. Anakunywa dawa kila siku na kwenda kliniki kila mwezi. Likizo ya Desemba nilipita Kariakoo, nikaona saa ya shilingi 35,000 inayopima presha. Muuzaji akaivaa, ikasoma, nikafurahi. Nikamvalisha mama usiku wa Noeli. Kila aliyekuja kutusalimu alionyeshwa: "Frateri wangu kaniletea daktari mkononi."

Ile saa ilisoma 118 kwa 76. Kesho yake 120 kwa 78. Kila siku hapohapo. Mama akamshukuru Mungu. Kisha, bila kumwambia mtu, akaanza kuruka vidonge, maana presha si imeshuka? Kliniki ya Januari hakwenda, ya Februari hakwenda. Mwanzoni mwa Machi dada akanipigia simu seminarini: mama anaumwa kichwa, anaona giza, kashikilia ukuta. Zahanati wakamfunga kile kitambaa cha kujaza upepo: 186 kwa 112. Muuguzi akaitazama saa kwenye mkono wa pili. Ilikuwa inasoma 119 kwa 77.

Mungu ni mwema, hakupata kiharusi. Niliporudi niliichukua ile saa, nikaifunga kwenye ndizi mbivu. Mwanga wa kijani ukawaka. Ndizi ilikuwa na mapigo 74 na presha 117 kwa 75. Nilikaa na ile ndizi mezani nikashindwa kucheka.

Saa hiyo haikukosea kupima. Haikupima kabisa. Ilikuwa inatoa namba za mtu mzima mwenye afya, basi. Maandiko Matakatifu yana maneno makali juu ya mizani ya uongo, katika Walawi na katika Methali, na zamani nilidhani yanahusu wauza nafaka tu. Mtu anayekupunja mchele anakuibia kilo. Anayekuuzia kipimo cha uongo cha presha anakuibia onyo. Nami niliyenunua bila kuuliza sikuwa na hila, lakini sikuwa na busara pia. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaiweka busara mbele ya fadhila nyingine za kiutu, kwa sababu nia njema bila kuujua ukweli wa mambo inaweza kumuumiza umpendaye. Niliisoma hiyo darasani miaka mitatu, nikaielewa siku moja, kwenye benchi la zahanati.

Kwa hiyo shikeni hili: saa isiyo na kitambaa cha kujaza upepo na inayodai kupima presha, usimpe mgonjwa. Hata saa za Samsung zenye huduma hiyo zinataka uzioanishe na mashine ya kweli ya mkononi kila baada ya siku 28. Zipo chache, kama Huawei Watch D, ambazo mkanda wenyewe hujaa upepo, lakini bei yake si ya mchezo. Na ikidai kupima sukari bila kutoboa ngozi, kimbia. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe kwa namna hiyo. Mashine ya kawaida ya presha ya kufunga mkononi ndiyo tuliyomnunulia mama baadaye, tukachanga watoto wote.

Kudumu je? Nitapita haraka. Ukiona IP67, maana yake vumbi haliingii, na inavumilia maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Ukiona 5ATM, inafaa kuogelea kwa kawaida. Jasho na sabuni navyo vinachosha mpira wa kuzuia maji, na saa haibaki kama ilivyotoka kiwandani. Kinachokufa kwanza mara nyingi ni mkanda, kisha betri, ambayo kwa nyingi huwezi kubadilisha kirahisi. Kabla ya kulipa uliza kama mkanda na chaja vinapatikana peke yake. Ukipoteza chaja ya saa isiyojulikana, umepoteza saa. Na wakati mwingine kinachokufa ni kampuni. Pebble ilifunga 2016, Jawbone ikafuata 2017, na watu wakabaki na vifaa visivyo na mwenyewe.

Mtu atasema: Frateri, kwa nini Mkristo ahangaike kujihesabu? Daudi alihesabu watu, moyo ukamchoma, iko 2 Samweli 24. Kweli. Lakini katika kitabu cha Hesabu Mungu mwenyewe anamwagiza Musa ahesabu. Kosa halikuwa namba. Na sisi Wakatoliki tunahesabu tangu zamani. Rozari ni nini kama si kuhesabu kwa vidole? Mwaka 2019 mtandao wa sala wa Baba Mtakatifu ulitoa hata rozari ya kuvaa mkononi, inayowaka ukipiga ishara ya msalaba na kuunganishwa na simu, kwa euro 99. (Mimi nabaki na ya mbao.)

Anayenisaidia zaidi hapa ni Mtakatifu Inyasi wa Loyola. Katika Mazoezi ya Kiroho anamfundisha mtu anayepambana na kosa moja achore mistari ya siku za juma. Mara mbili kwa siku atie nukta kwa kila alipoanguka, kisha alinganishe mchana na jioni, leo na jana, juma hili na lililopita. Halinganishi na jirani. Na akianguka katikati ya siku, aguse kifua, kwa namna ambayo wengine hawatagundua.

Hivyo ndivyo saa nzuri inavyofaa kutumiwa. Hata ikikosea kidogo, mradi inakosea vilevile kila siku, kwenye mkono uleule, itakuonyesha kama mwezi huu moyo wako unatulia upesi kuliko mwezi uliopita baada ya kupanda mlima uleule. Ukianza kurusha hatua zako kwenye status ili fulani aone, umeshatoka kwa Inyasi, uko kwa Daudi.

Kinyozi wetu nimemjibu hivi. Kama hela ni ya pango au ya ada ya mdogo wako, kimbia bila saa. Filbert Bayi, ambaye shule zake ziko jirani hapa Kibaha, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, na mkononi hakuna kilichomhesabia mapigo ya moyo. Kama hela ipo, chukua ya kampuni inayojulikana na yenye waranti, ile ya chini kabisa kwenye orodha yao, kwa sababu hatua na moyo ndivyo utakavyotumia. Ya elfu thelathini iache. Na ukifika dukani, nenda na ndizi.

Mama bado anaivaa ile saa yangu. Presha anapima kwa mashine, dawa anakunywa, kliniki anakwenda. Nilitaka kuitupa, akanikatalia: "Mwanangu, si inasoma saa vizuri tu? Misa ya kwanza sichelewi siku hizi."