Somo la Tano: Kumrejesha Kazini Fundi Aliyeumia

Malengo ya somo: Baada ya kusoma somo hili, mfanyakazi, mwajiri na msimamizi wa kazi wataweza kueleza maana ya majukumu yanayomfaa mfanyakazi aliyeumia, kuandaa mpango wa kurejea kazini, na kutambua haki na wajibu wa kila upande.

Fundi anapoumia, swali linaloulizwa kwanza katika eneo la ujenzi au karakana ni hili: atapona lini? Ni swali la haki, lakini halitoshi. Likiachwa peke yake humgawa mfanyakazi katika hali mbili tu, mzima au mgonjwa, na humfanya fomeni aseme maneno ambayo sote tumewahi kuyasikia: “Nenda nyumbani, urudi ukiwa umepona kabisa.” Somo hili linapendekeza swali la pili, lenye manufaa zaidi: leo fundi huyu anaweza kufanya nini bila kujiumiza zaidi?

Maana ya majukumu yanayomfaa

Majukumu yanayomfaa ni kazi halisi, ya muda, iliyopangwa kulingana na uwezo wa mwili wa mfanyakazi katika kipindi cha kupona. Inaweza kuwa kazi yake ya kawaida kwa saa chache, sehemu tu ya kazi hiyo, au kazi nyingine mahali pale pale. Sifa zake ni tatu: ni salama kwa jeraha alilonalo, ina manufaa kwa mwajiri, na huongezwa hatua kwa hatua hadi mfanyakazi arejee katika nafasi yake.

Kumketisha fundi seremala getini kutwa nzima bila shughuli hakutimizi sifa hizo. Kumpa kazi ya kumdhalilisha ili achoke na kuacha kazi mwenyewe nako hakutimizi. Huko ni kumfukuza kwa mlango wa nyuma.

Kwa nini tusisubiri apone kabisa?

Yapo majeraha yanayodai mapumziko kamili, na hapo neno la daktari ndilo la mwisho. Hata hivyo, mapumziko yakizidi mahitaji huleta madhara yake. Kiungo kisichotumika hukakamaa na misuli hupungua nguvu. Fundi hupoteza wepesi wa mkono, wenzake huzoea kufanya kazi bila yeye, na nafasi yake hujazwa na mwingine. Juu ya hayo huja hofu: kadiri siku zinavyopita, ndivyo anavyozidi kujiuliza kama bado ni fundi.

Mwajiri naye hupoteza. Fundi mwenye uzoefu anajua mahali ambapo ukuta ulianza kupinda na sababu yake. Ujuzi huo haupatikani kwa kuajiri mtu mpya asubuhi moja.

Kuichambua kazi: mfano wa mwashi

Tuseme mwashi ameanguka na kuvunjika kifundo cha mkono wa kulia. Amefungwa hogo kwa wiki kadhaa, kisha limeondolewa. Daktari ameandika kwamba anaweza kurejea kwenye “kazi nyepesi”. Maneno hayo mawili yanamsaidia nani? Kwa fomeni, kazi nyepesi ni kupokezana matofali. Kwa mwashi, ni kukaa kivulini. Daktari huenda alikuwa na maana ya tatu.

Dawa ya utata huu ni kuivunja kazi ya uashi katika vitendo vyake, kisha kukipima kila kitendo dhidi ya jeraha. Orodha inaweza kuwa hivi:

1. Anavyoweza kufanya sasa: kukagua kuta kwa timazi na pima maji, kusoma michoro, kuhesabu na kupokea vifaa stoo, kusimamia uwiano wa mchanga na saruji, kuwaelekeza saidia fundi wapya.

2. Anavyoweza kwa msaada: kupanga matofali kwenye kimo cha kiuno, akiwa na saidia fundi wa kumletea matofali na kumwekea udongo, kwa muda mfupi wenye mapumziko.

3. Asivyopaswa kufanya kwa sasa: kubeba mfuko wa saruji wa kilo 50, kupanda ngazi au jukwaa, kutumia mashine inayotetemesha mkono, kupiga lipu juu ya kichwa.

Orodha hii iandaliwe na mfanyakazi pamoja na msimamizi, kwa kuwa ndio wanaoijua kazi, kisha ipelekwe kwa daktari, ambaye ndiye anayelijua jeraha. Daktari aliyepo hospitalini hajui kwamba eneo lenu halina winchi na kwamba kila kitu hupandishwa kwa bega. Akiletewa orodha, ataweza kuweka alama penye ndiyo na penye hapana, badala ya kuandika maneno mawili.

Mpango uandikwe

Tunasisitiza maandishi. Mpango unaweza kutosha katika ukurasa mmoja, alimradi uoneshe: majukumu yaliyokubaliwa, majukumu yaliyokatazwa, saa za kazi kwa siku, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuupitia upya, malipo, na jina la mtu mmoja ambaye mfanyakazi atamwendea maumivu yakizidi. Pande zote mbili zitie saini na kila upande ubaki na nakala. Mfanyakazi aitunze nakala hiyo pamoja na vyeti vya hospitali na ile karatasi ya mapumziko ambayo wengi wetu tunaiita ED.

Kuhusu malipo, mfanyakazi asiogope kuuliza kabla ya kutia saini. Kukubali majukumu ya muda si kukubali kushushwa cheo. Mwajiri anayetaka kubadili masharti ya ajira yaliyoandikwa anapaswa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha mabadiliko hayo kwa maandishi.

Mahali mpango unapovunjika

Mipango mingi haivunjiki siku ya kwanza. Huvunjika siku ambayo lori la saruji limefika, watu ni wachache, wingu limetanda, na sauti inaita: “Na wewe shika mkono kidogo!” Hakuna mwenye nia mbaya. Fundi naye, kwa kuona haya mbele ya wenzake waliokwisha kuanza kumtania, anainama na kuinua mfuko. Kazi ya miezi miwili ya kupona inaweza kupotea hapo.

Kwa hiyo mpango usibaki ofisini. Wenzake wote waelezwe, kwa idhini yake na bila kutaja siri za matibabu, kwamba kuna kazi ambazo fundi huyu hazifanyi hadi tarehe fulani, na kwamba hayo ni maelekezo ya kazi na si uvivu. Msimamizi awe wa kwanza kuyaheshimu. Mfanyakazi naye ana wajibu: asifanye kwa siri kazi alizokatazwa, iwe hapo kazini au kwenye vibarua vya jioni mtaani, na aseme mapema maumivu yanapoongezeka.

Sheria inasemaje

Kwa Tanzania Bara, mfanyakazi aliyeumia kutokana na kazi analindwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Sura ya 263, inayosimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mafao yake yanajumuisha matibabu, fidia ya ulemavu wa muda, fidia ya ulemavu wa kudumu na huduma za utengamao. Fidia ya ulemavu wa muda hukokotolewa kwa asilimia 70 ya mapato ya mfanyakazi na haizidi miezi 24. Mfanyakazi amjulishe mwajiri mapema iwezekanavyo. Mwajiri anatakiwa kuujulisha Mfuko ndani ya siku 7 tangu apate taarifa ya ajali. Madai yawasilishwe kabla ya miezi 12 kupita. Mfanyakazi anapoanza majukumu ya muda, Mfuko ujulishwe, ili malipo yaendane na hali halisi.

Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinamtaka mwajiri asikimbilie kuvunja mkataba kwa sababu ya jeraha. Anapaswa kwanza kuchunguza chanzo na ukubwa wa tatizo, kama ni la muda au la kudumu, na kama inawezekana kurekebisha kazi au kumpatia mfanyakazi kazi mbadala. Mfanyakazi apewe nafasi ya kusikilizwa akiwa na mwakilishi wake. Pale ambapo jeraha limetokana na kazi yenyewe, juhudi za mwajiri zinatarajiwa kuwa kubwa zaidi. Mfanyakazi anayeamini kuwa ameachishwa kazi isivyo halali anaweza kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30.

Asipoweza kurudi kwenye ufundi wake

Haina budi kusemwa wazi: si kila fundi atarudi palepale. Mchomeleaji aliyepoteza uoni wa jicho moja, au fundi umeme ambaye vidole vyake havikunjiki tena, huenda akahitaji njia nyingine. Majukumu ya muda hayapaswi kumficha ukweli huo mwaka mzima. Tarehe za kuupitia mpango zipo ili swali hili liulizwe mapema na kwa heshima: je, anaweza kuwa msimamizi, mtunza stoo, mkadiriaji wa vifaa, mwalimu wa wanagenzi? Mikono ikishindwa, maarifa aliyoyakusanya kwa miaka mingi bado yapo, na mahali pa kazi penye busara hupayatumia.

Maswali ya kujipima

1. Andika vitendo kumi vinavyounda kazi yako ya kila siku. Ukivunjika mguu, ni vipi ungeweza kuendelea navyo?
2. Kwa nini maneno “kazi nyepesi” hayatoshi katika cheti cha daktari?
3. Mahali pako pa kazi, ni nani angemzuia fundi aliyeumia asibebe mfuko wa saruji siku lori linapofika? Kama hakuna jibu, lijadilini katika kikao chenu kijacho cha usalama.