Leza kwa Macho ya Mwenye Kisukari: Ipi ni ya Nini?

Kama nyumbani kwako kuna mwenye kisukari, apimwe macho kila mwaka hata kama bado anaona vizuri. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mwanzoni hakuna maumivu. Madhara hayo hutibiwa kwa leza, yaani mwanga mkali, ya aina mbili.

Leza ya kutawanya
Ni ya mishipa mipya iliyoota kwenye retina, ambayo ni dhaifu na hupasuka upesi. Daktari hupiga mamia ya vidoa vya mwanga, mara nyingine zaidi ya 1,000, pembezoni mwa retina. Utafiti mkubwa wa Marekani ulionesha mwaka 1976 kwamba leza hii hupunguza hatari ya upofu kwa nusu au zaidi. Huweza kuuma kiasi. Baadaye uoni wa gizani na wa pembeni unaweza kupungua, hivyo anayeendesha baiskeli au bodaboda usiku achukue tahadhari.

Leza ya katikati
Ni ya uvimbe karibu na makula, sehemu ya retina tunayosomea na kutambulia sura za watu. Vidoa ni vichache na maumivu ni madogo. Uvimbe hukauka taratibu, kwa wiki au miezi.

Vipi kuhusu sindano?
Uvimbe ukifika katikati ya makula na uoni ukapungua, dawa ya sindano ndani ya jicho kwa kawaida husaidia zaidi kuliko leza. Ila mwanzoni hurudiwa karibu kila mwezi. Sindano hutumika pia kwa mishipa mipya, lakini anayezitegemea pekee, kisha akaacha kurudi, anaweza kupofuka. Mweleze daktari ukweli kuhusu nauli, umbali na msimu wa pamba, ili mchague tiba mtakayoimudu.

Siku ya leza
Utawekewa matone ya kupanua mboni na ya ganzi, kisha utaegemeza kidevu kwenye mashine. Unarudi nyumbani siku hiyohiyo, ila utaona ukungu kwa saa kadhaa. Nenda na ndugu wa kukusindikiza.

Kumbuka
Leza hulinda uoni uliobaki, uliopotea haiurudishi. Endelea na dawa za sukari na presha. Ukiona vidoa vyeusi vinaelea au jicho likafifia ghafla, wahi hospitali.

Anzia kliniki ya kisukari iliyo karibu nawe, iwe Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega. Ukipewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, usiiahirishe. Nenda ungali unaona.