Mfanyakazi Mwanamume Anapodhulumiwa Nyumbani: Mwajiri Afanye Nini?

Mwanamume anayedhulumiwa nyumbani mara nyingi huonekana kazini kabla hajaonekana katika kituo cha polisi. Iwe ni kwenye mashamba ya maua ya Gilgil, hoteli za nyama choma za Kikopey au machimbo ya Kariandusi, wa kwanza kugundua huwa msimamizi wa zamu. Mtu aliyekuwa akifika mapema sasa anachelewa. Anavaa shati la mikono mirefu ndani ya banda la plastiki lenye joto kali. Simu yake haikomi kulia, na zamu ikiisha hana haraka ya kwenda nyumbani. Akiulizwa kuhusu jicho lililovimba, anasema alianguka na bodaboda.

Anaficha kwa sababu anajua atachekwa. Mwaka 2012, habari za wanaume wa Nyeri waliopigwa na wake zao zilipojaa magazetini, Wakenya wengi walizigeuza kichekesho, na utani huo ungali unasikika. Hata hivyo, Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 34 ya wanawake na asilimia 27 ya wanaume wamewahi kupigwa au kuumizwa tangu wafikishe umri wa miaka 15. Takwimu hizo zinahesabu kila aliyewaumiza, si mwenzi wa ndoa pekee, na dhuluma za nyumbani bado zinawaelemea wanawake zaidi. Hilo halimfanyi mwanamume aliyemwagiwa maji moto kuwa kitu cha kuchekesha.

Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 haichagui jinsia. Mbali na kipigo, inataja vitisho, dhuluma ya kihisia, kumfuatafuata mtu, kumharibia mali na kumnyima pesa. Anayelalamika anaweza kuomba kuandikisha taarifa kwa afisa wa polisi wa jinsia yake. Mahakama nayo inaweza kutoa amri ya ulinzi, na amri hiyo inaweza kumkataza mdhulumu kuvizia hata mahali pa kazi.

Kwa mwajiri, kazi ya kwanza ni mazungumzo, na hapa ndipo wengi huharibu. Mfanyakazi aitwe faraghani, si mbele ya wenzake kwenye foleni ya chai. Aelezwe kilichoonekana bila kulaumiwa: "Nimeona umeumia mara mbili mwezi huu. Kama kuna jambo nyumbani, tunaweza kusaidiana." Asiposema kitu, asilazimishwe, huenda akarudi baada ya wiki mbili. Kumwambia "wewe ni mwanamume, jikaze" ni kumfungia mlango. Kumpigia mkewe simu ili aje ofisini wapatanishwe ni hatari zaidi, kwa kuwa siri imetoka na jioni mtu huyo atarudi nyumba ile ile. Wazee na wachungaji wana nafasi yao, lakini mwenye kuamua kuwaita ni yeye.

Kisha kuna suala la muda. Kenya haina likizo ya kisheria inayohusu dhuluma za nyumbani. New Zealand ilianza kutoa siku 10 zenye malipo kila mwaka kuanzia Aprili 2019. Hata hivyo, sheria iliyopo hapa nchini inasaidia. Chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akiwa na cheti cha daktari. Likizo ya mwaka ni angalau siku 21 za kazi. Hakuna kinachomzuia mwajiri kuongeza siku moja au mbili za kwenda hospitalini, polisi au mahakamani.

Utoro kazini unaweza kumfutisha mtu kazi, ila kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinataka asikilizwe kwanza, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Kikao hicho kitumiwe kuuliza, si kusoma barua iliyokwisha kuandikwa.

Mshahara nao una mambo yake. Kuna wanaume ambao kadi ya benki na namba ya siri ya M-Pesa havimo mikononi mwao. Mfanyakazi akiomba mshahara upelekwe kwenye akaunti nyingine, afisa wa malipo abadilishe bila maswali mengi. Asimpe mtu mwingine pesa hizo, hata akiwa mke, bila idhini ya maandishi ya mfanyakazi mwenyewe.

Askari wa langoni aambiwe tu nani asiruhusiwe kuingia. Sababu si lazima aijue. Habari za familia na afya ya mtu zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo faili isiachwe mezani.

Jambo gumu zaidi ni pale mume na mke wanapofanya kazi shamba moja, na kila mmoja anasema ndiye anayedhulumiwa. Meneja si hakimu. Awasikilize mmoja mmoja, awatenganishe zamu au sehemu za kazi bila kumpunguzia yeyote mapato, na kila mmoja aelekezwe kwa wataalamu. Kinachofanyika ndani ya geti, kama kupigana au kutishana, kina kanuni zake za nidhamu, na hizo ziwahusu wote wawili sawasawa.

Aliyejeruhiwa atibiwe kwanza, katika hospitali ya kaunti ndogo ya Gilgil au kituo kilicho karibu, na atunze karatasi zote za matibabu. Kituoni aandikishe taarifa, achukue namba ya OB na fomu ya P3, ambayo hutolewa bila malipo. Simu ya kitaifa ya dhuluma za kijinsia ni 1195, haina malipo, na hupokelewa mchana na usiku, kwa wanaume pia. Namba hiyo ikibandikwa kwenye ubao wa matangazo, hakuna mwanamume atakayesimama hapo kuinakili wenzake wakimtazama. Ibandikwe ndani ya mlango wa choo cha wanaume.